Tulimjua Aliyekuwa Ndani ya Lipiko

Tekla,

Salamu sikupi. Tumo nyumba moja, wewe juu unafunga maboksi kwa selotepu inayolia kama unachana ukuta, mimi chini jikoni, na salamu zangu za asubuhi umezipita mlangoni kama aliyekusalimia ni kabati. Basi tuanze bila hizo. Kesho unapanda ndege kwenda Trinidad, na tangu Agosti hujaniita mama. Unaniambia "hai", kama unamsalimia dereva wa basi.

Sitakuandikia mambo ya kuvaa kofia juani wala ya kuchemsha maji. Una akili zako, tena nyingi mno, na lililobaki Miss Verna wako ameshakufundisha. Nakwambia mapema kwamba nimekasirika, ili usije ukatafuta upole humu halafu ukaukosa.

Linaloniandikisha ni moja. Lile vazi ulilolifungia kwenye boksi kubwa unaenda kulichezea kwenye kanivali yao kule, na pamoja nalo unabeba hadithi ya uongo juu ya bibi yangu. Hadithi hiyo nilikupa mimi. Nataka kuichukua kabla hujavuka nayo bahari. Ningekueleza kwa mdomo, lakini hutaki kukaa nami meza moja hata chai ikapoa. Utasoma basi.

Upande wako wa mambo ya Agosti umeshausimulia Kilburn nzima, najua. Ngoja na mimi nitoe wangu.

Ulipoanza kwenda Kilburn, kwenye karakana ya huyo Miss Verna, nilidhani ni upepo wa ujana, utapita. Mwanamke wa Kitrinidadi, fundi cherehani, ana bendi yake ya kanivali nyuma ya duka la mazulia. Nikajiambia atakufundisha kushona, angalau. Kumbe huko wanapinda waya, wanakata sponji, wanabandika manyoya ya rangi ambazo ndege hajawahi kuzaliwa nazo. Ukaja na maneno mapya: kucheza mas. Ukanieleza, huku unameremeta vumbi la dhahabu hadi kwenye nyusi, kwamba mtu hajipambi tu. Anaingia ndani ya vazi na barakoa, na siku hiyo anakuwa kile alichokivaa. Shetani, baharia, popo, mtu wa miguu mirefu ya miti. Mimi nikakwambia usafishe sinki. Lile vumbi lako nilikuwa nalikuta hadi kwenye sare yangu ya kazini, na bibi mmoja ninayemuogesha kule nyumba ya wazee akaniuliza kama nimetoka disko.

Halafu ile Jumapili. Nimekaa chini, wewe kwenye kochi unanisuka, ukaniuliza, "Mama, kwenu Newala hakuna mas?"

Ningesema hakuna, yangekwisha. Lakini vidole vyako vilikuwa vinanikuna vizuri na nilikuwa sina shifti, nikalainika. Nikakwambia kwetu Wamakonde, watoto wakitoka jandoni, anatoka lipiko. Kichwa cha mti, kimechongwa sura ya mtu, kimepandwa nywele za mtu kweli. Mwili wote umefungwa nguo usione hata ukucha. Hasemi. Anatetemesha mabega mpaka njuga zinalia zenyewe. Wanaume wanajua ndani kuna nani. Wanawake na watoto tunaambiwa ni mfu aliyefufuka, na akituelekea tunakimbia.

Ukaniuliza, "Na nyinyi mliamini?"

Nikakujibu, "Tuliamini."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisikia mkono wako umesimama kichwani mwangu. Ukasema, kwa Kiingereza, kama kawaida yako unapotaka kunionea huruma, "Maskini mama. Wakawadanganya wote." Na mimi, badala ya kugeuka, nikasema suka, shingo inaniuma.

Mwaka mzima ukajenga juu ya neno hilo moja. Sikujua. Nilikiona kinyago chako mara moja tu, kwenye meza ya Miss Verna, siku niliyokuletea koti. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikucheka, Tekla. Kilikuwa cha karatasi na gundi juu ya waya, lakini ulikuwa umemweka ndonya, kile kisahani cha mti, kwenye mdomo wa juu, na mashavu yamechanjwa vizuri, na nywele ulizoomba saluni ya hapa barabarani kwetu umezipanda moja moja. Alikuwa bibi yangu. Umemtoa kwenye ile picha ya ukutani iliyochakaa, ukampa ngozi. Nilisimama pale nikashindwa kusema ni kizuri, nikakwambia koti lako linanuka gundi. Hilo nalo liweke kwenye fungu langu la makosa, hapo juu ya lile la kwanza.

Ikaja Agosti, Jumatatu ya kanivali ya hapa London. Nikaja, mimi nisiyependa kelele, na wanawake wawili wa kanisani, nimewaambia njooni mwone binti yangu amefanya mambo ya kwetu. Tumesimama karibu na jukwaa la majaji, mvua inatishia, lori la muziki linapita mpaka meno yanatikisika. Wakaja wa manyoya, wakaja wa miguu ya miti wakichungulia madirisha ya ghorofa. Halafu mkaja nyinyi. Mbele yenu bango. Herufi kubwa, za Kiingereza, hata asiye na miwani asome: WANAWAKE WALIODANGANYWA.

Nyuma ya bango, bibi yangu. Bibi yangu mmoja, bibi yangu wa pili, safu nzima ya bibi zangu wamevaa vitambaa, wanatetemesha mabega. Kwenye karatasi waliyogawa watazamaji mmeeleza kwamba wanawake wa Kimakonde waliishi wakiamini uongo, na leo binti yao anawafunulia. Mlikuwa mfike mbele ya majaji, muziki ukatwe, mvue vinyago kwa pamoja. Mwanamke niliyekuja naye akanigeukia akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kumbe kwenu mlikuwa mnadanganyika hivyo?"

Nikapita chini ya kizuizi cha chuma. Umri huu, magoti haya. Nilikujua kwa mwendo, mguu wa kushoto unautupa nje kama baba yako. Nikakushika kidevu cha kinyago nikaita, "Tekla! Vua upuuzi huu. Nakujua ni wewe." Nikaita tena. Waya ukakatika mkononi mwangu. Muziki ulikatwa pale mlipopanga, kwa hiyo kila mtu alinisikia, na wale wanawake wote wakabaki wamesimama na nyuso za bibi yangu hawajui wavue au wasivue. Mlinzi mwenye kizibao cha njano akanishika kiwiko. Wewe hukusema neno. Hata pale, hukusema. Nusu yangu ilikuwa inataka kukuzaba kibao na nusu nyingine ilikuwa inasema, huyu ndiye lipiko hasa.

Sikuja kuomba radhi. Ningeliona bango lile leo, ningepita chini ya kizuizi leo. Lakini ningeita kitu kingine, si jina lako.

Sasa soma hapa pole pole, maana sijapata kulisema kwa mtu, na sitalisema tena.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Watoto wa kwetu wametoka jandoni, uwanja umefagiliwa, ngoma zimeota moto hadi zikakaza. Lipiko akatoka porini. Alikuwa mkali, alikuwa na macho ya kutisha kweli, na tulikuwa tumeshaanza kurudi nyuma tukipiga vigelegele na mayowe pamoja, wanawake wamebeba watoto tayari kutimka. Akapiga mguu chini. Akapiga tena. Na mimi nikaona goti la kulia linachelewa. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkorosho akiwa kijana, na goti lake lile likikunjuka lilikuwa linachelewa kidogo, kila siku, akienda kisimani, akienda shambani. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mjo..."

Sikumaliza. Kiganja kilinifunika uso mzima, kigumu, kinanuka moshi na mhogo. Bibi yangu. Akaninyanyua kwa mkono mmoja tukatimka na wenzetu, yeye anapiga mayowe kuliko wote, mpaka nyuma ya nyumba. Pale akaniweka chini. Hakuwa hata akihema. Akanitazama na ile ndonya yake, akasema, "Yule nimemzaa mimi. Wewe ndio wa kuniambia ni nani? Kimbia."

Tukarudi uwanjani. Lipiko akaja. Nikakimbia.

Jioni ile bibi alichinja kuku. Mjomba akaja amenawa, amebadilisha shati, jasho bado linamtoka shingoni. Bibi akampa paja, akamuuliza, "Umechoka leo, baba. Ulikuwa wapi?"

"Shambani," akasema mjomba.

"Pole na shamba."

Akala. Mama yangu akainamia sufuria mabega yanamcheza, na mimi nikajua kwamba na mama anajua, na shangazi anajua, na kila mwanamke aliyekuwa anapiga mayowe pale uwanjani alijua ndani ni mtoto wa nani. Tulimjua, Tekla. Wote tulimjua. Kukimbia ilikuwa kazi yetu, kama kuchonga ilivyokuwa kazi ya wachongaji. Bila sisi kukimbia, mjomba ni mwanamume mwenye goti bovu amevaa gogo kichwani.

Usidhani nakupambia. Mwanamke aliyelisema hadharani alikiona cha moto. Alitengwa, alitukanwa, wapo waliofanyiwa mabaya zaidi, na wanaume wakakaa wakijiona wajanja. Hilo ni kweli, na kama ungeliandika hilo kwenye bango lako, ningesimama kando ya barabara nikanyamaza. Lakini waliodanganywa? Yule bibi? Alikuwa anawatazama wanaume wazima wakitembea kwa maringo na siri yao, na usiku anawapa paja la kuku. Umemtembeza barabarani kama zoba mbele ya watu wa London, na sura umeipatia, ndiyo maana iliniuma.

Utauliza kwa nini nilikwambia tuliamini. Najua utauliza, umeanza kuuliza kwa nini kabla hujaota meno. Kwa sababu mwanamke wa kwetu hasemi. Hata kwa binti yake hasemi. Anangoja siku mtoto atakapoona mwenyewe, amfunike mdomo, amkimbize, amwambie nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nangoja siku yako. Hebu nitazame, mwanamke mzima, niko Thornton Heath, karibu yangu duka la simu na duka la kuku, nangoja lipiko atoke porini ili nimfunike mtoto mdomo. Nimekaa kwenye nchi hii miaka yote hiyo nikilinda siri ambayo hakuna wa kuiuliza. Na aliyeiuliza nikampa jibu lile la kuwapa wanaume.

Na kuna hili jingine, ambalo wewe pengine umelisahau. Ulikuwa umeanza shule tu. Mlitengeneza barakoa za sahani za karatasi, yako simba, ndevu za uzi. Ukaja nayo nyumbani, ukajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nimetoka shifti ya usiku, kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi. Ukaruka ukanguruma. Nikasema, "Tekla, toa takataka hiyo, niko hoi." Ukaitoa. Uliivua taratibu, ukaiweka juu ya friji, ukaniuliza kama nataka maji. Toka pale mpaka kochini ni hatua ngapi? Ningekimbia nikaanguka kochini nikapiga yowe moja, ingenigharimu nini? Mimi niliyefundishwa kukimbia na mwanamke yule. Lakini nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeichukia hii nchi asubuhi ile, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Miss Verna alikuja hapa, mwezi wa kumi, ulipokuwa chuoni. Sikukwambia. Alileta keki ya matunda nyeusi iliyolowa ramu, nikaiweka mezani sikuikata. Tulizungumza Kiingereza, yeye chake mimi changu, kila mtu anamkodolea mwenzake mdomo.

Akasema, "Miss Fidelia, kwetu mtu akishaingia kwenye mas, haitwi jina."

Nikamwambia, "Kwetu pia."

Akazungusha kikombe chake cha chai. Halafu akaniambia kwamba baba yake alikuwa akicheza shetani, amejipaka masizi na mafuta mwili mzima, ana mkia na uma, wanazunguka na wenzake kutisha watu majumbani mpaka wapewe senti. Kila mwaka anafika na kwake. Na kila mwaka mama yake Verna anafungua mlango, anatetemeka, anamwomba shetani asile watoto, anampa senti. Baadaye usiku mwanamume anarudi mweupe kwa sabuni, na mkewe anamwambia, "Ulikuwa wapi? Shetani alikuja huku tukakosa wa kututetea."

Akacheka. Alitaka nicheke. Na mimi, Tekla, nilimchukia hapo hapo. Mwanamke wa mbali kule, sina undugu naye, ameniambia habari ya bibi yangu mezani pangu bila kujua. Yeye ameipata kwa mama yake, na angekupa wewe, wakati mimi mwenye nayo nimekunyima. Nikamwambia chai yako inapoa. Akainywa. Alipoondoka nikaikata ile keki nikaila nimesimama, na ilikuwa nzuri, na hilo nalo likanikera.

Simpendi bado. Anakuita "binti yangu" mbele yangu, na wewe unaitika. Lakini nakwambia ukweli, nilichokifanya mimi Agosti, yule mama hajapata kukifanya maishani mwake. Mimi nilimwita jina mtu aliyemo ndani ya lipiko. Kwetu watoto wa miaka tisa wanafunikwa mdomo wasifanye hivyo. Nimemtetea bibi yako mkuu kwa kufanya jambo ambalo lingemfanya anipige kofi.

Sasa vazi ni lako na bango ni lako. Sikwambii libadilishe. Ukitaka kusimama Trinidad useme walidanganywa, simama, lakini utakuwa unasema uongo na unajua, na hapo hutakuwa na tofauti na mimi na Jumapili yangu ile. Usinisingizie tena mimi, basi. Sema ni wako. Na ukiulizwa na wenzako kule, sijui utawajibu nini, maana kwa kanuni yetu wala hukutakiwa kulisoma hili kwenye karatasi. Nimeshaivunja mimi. Ulimi wako ulinde mwenyewe.

Nilitaka uwe nesi. Unajua. Nilitaka uvae sare safi, uwe na pensheni, uniambie mimi na mgongo wangu nipumzike. Nimeshakugombeza kwa hilo vya kutosha na naona halikuingia. Basi jambo moja tu la kazi yenu, kwa kuwa nimeliona kwa macho: usiku mnapomaliza kucheza, mnavaa nguo zenu, mnarudi mnaongea kama hakuna kilichotokea. Mjomba alikuwa hivyo. Alikuja akasema shambani, akala. Mimi ningependa na wewe ujue kuvua. Miezi hii yote, tangu Agosti, umekaa humu ndani umevaa uso ule ule, mchana, usiku, unakula nao nafaka yako asubuhi. Umenitisha, sawa. Nimetishika. Umeshinda.

Kesho sitakusindikiza uwanja wa ndege. Miss Verna amesema anakupeleka na gari lake, na mimi siwezi kukaa kiti cha nyuma cha gari la yule mama nikaangalia kisogo chako. Nitakuwa mlangoni, na nitakuwa nimenuna. Ukitaka kunipita, pita. Miguu unayo, nilikuzaa nayo.

Ila kule utakapofika, siku ikikuchachia, maana itakuchachia, piga simu. Saa za huko sizijui na wala sizijali. Nitapokea nikiwa na hasira. Nitaanza kwa kukugombeza, tena mambo ya zamani, yaliyokwisha na yasiyokuhusu, nitapandisha na kushusha.

Usikate. Ningoje nimalize.

Mama yako